Imeli Ambayo Mama Aliifuta: Taarifa Zako Zikivuja, Sheria Inakupa Nini?

Mama alifuta ile imeli. Simlaumu. Miaka yote tumemwambia, "Mama, ukiona ujumbe wa Kiingereza kirefu unaosema kuna tatizo na akaunti yako, usibonyeze kitu, futa." Akafuta. Bahati mbaya ile moja ilikuwa ya kweli. Kampuni aliyokuwa mteja wake miaka kadhaa nyuma, na ambayo alishaiacha kabisa, ilikuwa inamwambia kwamba wadukuzi wameingia kwenye mfumo wao na kuondoka na jina lake, anwani yake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya leseni yake ya udereva.

Tuligundua miezi minne baadaye, pale nyumbani Blacktown, ilipokuja barua ya deni. Dola 1,430 za simu ambayo hakuinunua, ya laini ambayo hajawahi kuishika. Mimi nikacheka kwanza, nikidhani wamekosea mtu. Mama hakucheka. Akaenda chumbani, akarudi na kadi yake ya benki.

"Lipa tu, mwanangu. Tusije tukaitwa polisi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii habari siyo ya kompyuta. Mtu aliyeishi miaka kumi na moja Nyarugusu, ambaye maisha yake yote yalitegemea karatasi moja kuwa sawa na jina moja kuandikwa vizuri, akiona jina lake kwenye barua rasmi haoni kosa la kampuni. Anaona hatari.

Kwenye kipindi kilichopita tuliligusa hili kwa dakika kumi tu, na meseji zenu zikajaa. Wengi mliuliza swali moja: sawa, taarifa zimevuja, sasa mimi nifanye nini kisheria? Au ndiyo imetoka hiyo? Basi nimekaa na sheria zenyewe na maamuzi yaliyokwisha kutolewa, na haya ndiyo niliyoyapata. Mimi si wakili. Yachukueni kama ramani, halafu mkafike kwa mwenye ujuzi.

Tulifikaje hapa

Kama ulikuwa na simu Australia mwaka 2022, unakumbuka. Tarehe 22 Septemba Optus ilitangaza kwamba imedukuliwa. Wateja hadi milioni 9.8, wa sasa na wa zamani, waliguswa. Mdukuzi aliomba dola milioni moja za Marekani, akamwaga mtandaoni rekodi za watu kama 10,200, kisha akabadili mawazo na kuomba radhi. Lakini kilichomwagika hakizoleki. Kijana wa miaka 19 wa hapa hapa Sydney aliokota rekodi hizo na kuwatumia watu 93 meseji: lipa dola 2,000 la sivyo taarifa zako zitatumika. Alikamatwa, akahukumiwa Februari 2023.

Mwezi mmoja baada ya Optus ikaja Medibank: watu milioni 9.7. Humo mlikuwa na wateja wa kimataifa kama milioni 1.8, kundi ambalo wanafunzi wetu wanaokuja na bima ya afya ya lazima wamo. Kampuni ilikataa kuwalipa wadukuzi. Novemba wadukuzi wakaanza kuanika mafaili: nani alitibiwa uraibu, nani alitoa mimba. Fikiria habari hiyo ifike kwenye kundi la WhatsApp la kanisa au la msikiti. Kwetu aibu hiyo haina bei ya dukani. Machi 2023 ikafuata Latitude, kampuni ya mikopo, rekodi kama milioni 14.

Na sisi tuna udhaifu wetu wa pekee. Wazazi wengi waliopita kambini wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, kwa sababu karani hakuwa na muda na cheti hakikuwepo. Nyumbani kwetu watu wazima watatu wana "birthday" siku moja. Huku tarehe ya kuzaliwa ndiyo swali la kwanza la usalama kwenye simu. Ukishajua jina la mzee wetu na mwaka, siku na mwezi unaweza kubahatisha. Ufunguo wetu ulikuwa hafifu hata kabla mwizi hajaja.

Sheria inasema nini hasa

Sheria kuu ni Sheria ya Faragha ya mwaka 1988. Inazibana kampuni zenye mapato ya zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka, pamoja na watoa huduma za afya hata wakiwa wadogo. Inawataka wachukue hatua za maana kulinda taarifa zako, na wazifute au waziondolee utambulisho wasipozihitaji tena. Hiyo sehemu ya pili ikumbuke. Mama alishaiacha ile kampuni zamani. Kwa nini bado walikuwa na leseni yake? Swali hilo si malalamiko ya mtaani, ni hoja ya kisheria.

Tangu tarehe 22 Februari 2018 kampuni pia zinalazimika kukuarifu wewe na Ofisi ya Kamishna wa Habari wa Australia, inayojulikana kama OAIC, uvujaji ukiwa na uwezekano wa kukuletea madhara makubwa.

Wazee wakikwambia haya ni mambo ya wazungu, waambie hata nyumbani yapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake. Kenya ina sheria yake ya 2019, na Septemba 2023 kamishna wa huko aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Sasa njia zenyewe.

Njia ya kwanza: iandikie kampuni

Kila kitu kinaanzia hapa, na wengi wanaruka. Lazima kwanza ulalamike kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na uipe siku 30 za kujibu. Bila hivyo OAIC kwa kawaida itakurudisha mlangoni.

Barua haihitaji Kiingereza cha mahakamani. Yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Tulisema: huyu ni nani, alikuwa mteja lini, taarifa zipi zimevuja, nini kimempata baada ya hapo, na tunataka nini. Hapo pa mwisho watu wengi wanaandika "nataka mnisaidie." Usiandike hivyo. Taja: nataka mnieleze kwa maandishi mna taarifa zangu zipi na kwa nini mlizitunza, nataka mlipie leseni mpya, nataka mnirudishie gharama hizi, nataka fidia ya usumbufu na hofu.

Njia ya pili: peleka malalamiko OAIC

Siku 30 zikipita kimya, au jibu likiwa la kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, unaenda OAIC. Ni bure. Huhitaji wakili. Fanya hivyo ndani ya miezi 12 tangu ulipojua kuhusu tatizo, maana wakiona umechelewa sana wanaweza kukataa kulichunguza. Mara nyingi wanajaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, kamishna anaweza kutoa uamuzi, na uamuzi huo unaweza kuiagiza kampuni ilipe fidia. Fidia hiyo si ya hela zilizopotea peke yake. Hofu, aibu na kukosa usingizi vinahesabika pia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu kampuni, unahusu serikali, lakini sheria ni hiyo hiyo na watu wenyewe ni watu kama wetu. Februari 2014 idara ya uhamiaji iliweka ripoti ya takwimu kwenye tovuti yake. Ndani ya faili, bila wao kujua, mlikuwa na majina kamili, tarehe za kuzaliwa, uraia na mengine ya watu 9,251 waliokuwa kizuizini wakiomba hifadhi. Watu waliokimbia serikali zao, majina yao yakawa wazi kwa serikali hizo hizo kuyasoma. Mmoja wao alipeleka malalamiko OAIC kwa niaba ya wote. Januari 2021 ukatoka uamuzi: walipwe. Kwa maumivu yasiyo ya kifedha, viwango vilianzia dola 500 hadi zaidi ya dola 20,000, kila mtu kwa kadiri alivyoumia.

Lakini sikiliza sehemu hii. Waliohesabiwa kulipwa walikuwa 1,297. Siyo 9,251. Ni wale waliowasilisha maelezo au ushahidi wa madhara yaliyowapata. Wengine wote waliumizwa na faili lile lile, ila hawakuandika. Sitaki kuwalaumu: wengine walikuwa wamesharudishwa makwao, wengine hawakupata habari, wengine waliogopa. Ila somo liko wazi. Sheria hulipa yale yaliyoandikwa.

Njia ya tatu: kesi ya pamoja

Hii ndiyo inayotangazwa sana Facebook. Watu saba au zaidi wenye dai linalofanana wanaweza kufungua kesi moja Mahakama ya Shirikisho, mmoja akisimama kwa niaba ya wenzake. Slater and Gordon walifungua ya Optus Aprili 2023, na Medibank nayo ilifunguliwa kesi za aina hiyo mwaka huo huo.

Mambo matatu ya kujua. Kwanza, katika mahakama hiyo kwa kawaida unakuwa ndani ya kundi bila kujiandikisha, mpaka uombe kutoka. Lakini jiandikishe kwa mawakili hata hivyo, ili wajue pa kukupata na wewe ujue tarehe za mwisho. Pili, huombwi hela mwanzoni. Mawakili na wafadhili wa kesi hukatwa kwenye malipo kesi ikishinda, kwa idhini ya mahakama. Mtu akikuomba "ada ya kujiunga," kimbia, huyo ni mwizi wa pili. Tatu, ni safari ndefu. Hesabu miaka.

Malalamiko ya pamoja yanaweza pia kwenda OAIC badala ya mahakamani, kama yaliyopelekwa dhidi ya Medibank na Latitude. Kabla hujapeleka lako binafsi, uliza kama tayari kuna la kundi, maana hayo mawili yanaweza kugongana.

Njia ya nne: kushtaki mwenyewe

Tuwe wakweli hapa. Sheria bado haijampa mtu wa kawaida haki ya kuikokota kampuni mahakamani moja kwa moja na kudai fidia kwa sababu tu imevunja kanuni za faragha. Ndiyo maana kesi za pamoja zinajengwa kwa hoja nyingine: uzembe, kuvunja mkataba, sheria ya walaji.

Kuna kitu kipya, kilichoanza tarehe 10 Juni 2025: haki ya kumshtaki anayeingilia faragha yako kwa kiwango kikubwa. Huhitaji hata kuthibitisha hasara. Wengi walishangilia, nami nilikuwa mmoja wao, mpaka niliposoma masharti. Lazima aliyefanya awe alikusudia au hakujali kabisa. Uzembe wa kawaida hautoshi. Kwa hiyo itamfaa mtu ambaye mpenzi wake wa zamani ameanika picha zake, au mfanyakazi aliyechungulia faili lako na kulisambaza. Kampuni iliyolala mlango wazi ni vigumu kuinasa hapo. Na muda ni mfupi: mwaka mmoja tangu ujue, na kwa kawaida si zaidi ya miaka mitatu tangu tukio lenyewe.

Faini ni za nani?

Oktoba 2025 Mahakama ya Shirikisho iliitoza Australian Clinical Labs dola milioni 5.8, kwa sababu ya uvujaji wa mwaka 2022 kwenye maabara zake za Medlab uliogusa watu zaidi ya 223,000. Ilikuwa faini ya kwanza ya aina yake chini ya Sheria ya Faragha. OAIC imezishtaki pia Medibank, Juni 2024, na Optus, Agosti 2025.

Shangazi yangu aliposikia hiyo milioni 5.8 aliuliza mgao wake unakuja lini, kwani alishawahi kutolewa damu Medlab. Shangazi, pole. Faini huenda kwa serikali. Haimfikii aliyeumia hata senti. Tofauti yake ni kama makubaliano ya Desemba 2024 kati ya OAIC na Meta kuhusu Cambridge Analytica: dola milioni 50 ziliwekwa kwenye mfuko wa kuwalipa watumiaji wenyewe. Lakini hata hapo ilibidi mtu aombe, na dirisha lilikuwa na tarehe ya kufungwa. Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari "kampuni imepigwa faini," usikae kusubiri hundi. Uliza: je, kuna mfuko wa walioathirika, na mwisho wa kuomba ni lini?

Kama aliyevujisha ni chombo cha jimbo la New South Wales, mfano Service NSW, hospitali ya umma, au chuo kama Western Sydney University ambacho wengi wetu tumepita, hapo sheria ni nyingine. Unaomba chombo hicho kijichunguze chenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi sita tangu ujue, na usiporidhika unakwenda kwenye baraza la NCAT, ambalo linaweza kuamuru fidia hadi dola 40,000.

Wiki ya kwanza

Kesi ni ya miaka, mwizi ni wa leo usiku. Haya ndiyo ningeyafanya siku ile ile, kama mama asingeifuta ile imeli.

Usibonyeze kiungo kilicho ndani ya ujumbe. Tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe, au piga namba iliyo kwenye bili ya zamani, uthibitishe.

Omba zuio la mikopo kwenye mashirika yanayotunza historia ya mikopo, Equifax, Experian na illion. Ni bure, linaanza na siku 21 na linaweza kuongezwa. Likiwepo, mtu hawezi kirahisi kukopa kwa jina lako. Hatua hii peke yake ingeweza kutuepusha na ile dola 1,430.

Badilisha leseni kupitia Service NSW upate namba mpya ya kadi, na tunza risiti.

Piga IDCARE. Ni huduma ya bure kwa walioibiwa utambulisho, na watakupa mpango wa hatua kwa hatua. Kiingereza kikimshinda mzazi, piga 131 450, TIS, omba mkalimani wa Kiswahili. Usimfanye mdogo wako wa miaka 12 kuwa mkalimani wa mambo haya.

Deni la uongo likija, usililipe. Kulipa kunaweza kuonekana kama kukubali. Ripoti ReportCyber, upate namba ya taarifa, kisha mwandikie mdai upinge. Deni la simu linaweza kwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya mawasiliano, TIO, na la benki au mkopo kwa AFCA. Wote ni bure. Mambo yakiwa mabaya zaidi, hakimu anaweza kukupa cheti kinachothibitisha kwamba wewe ni mwathirika wa wizi wa utambulisho.

Na andika. Daftari, noti za simu, chochote. Tarehe, saa, uliongea na nani, alisema nini, ulikosa kazi saa ngapi. Usiku ambao mama hakulala, andika. Ukienda kwa daktari kwa sababu ya presha, omba barua.

"Hawatatunyang'anya uraia?"

Hili ndilo swali la mama, na najua ni la mama zenu wengi. Hapana. Kulalamika kwamba kampuni imepoteza taarifa zako si kosa, na OAIC si ofisi ya visa. Kama hali yako ya makaratasi ni tete na una wasiwasi, pita kwanza Legal Aid NSW au kituo cha sheria cha jamii kilicho karibu nawe, uulize bila malipo kabla ya kuandika. Lakini hofu peke yake isikufanye ulipe deni la mwizi.

Mama hakulipa. Tuliandika barua tatu, tukapiga TIO, na deni likafutwa baada ya wiki saba. Malalamiko yake dhidi ya kampuni iliyovujisha bado yako kwenye foleni, na foleni ni ndefu, sitawadanganya. Inawezekana atapata mia kadhaa. Inawezekana atapata barua ya kuomba radhi na basi.

Ila kuna faili la bluu sasa, pale juu ya friji. Ndani yake kuna kila barua, na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa mkono, akieleza siku ile ya deni ilivyokuwa. Nilimtafsiria nikaiambatanisha. Juzi jirani yetu wa Mount Druitt alikuja na imeli yake ya kampuni nyingine, akauliza kama aifute. Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshasimama kwenda kuchukua kalamu.

"Kaa hapa," akamwambia. "Tuanze na tarehe."